Nani Alisema Tuongeze Ghorofa?

Msikilizaji wa Rungwa, wa Mwamagembe, wa Mitundu na Itigi, na wewe dereva uliyelaza gari njia panda ukisubiri kukuche uendelee na safari ya Chunya, leo nataka tuzungumze habari ya ujenzi. Si bei ya saruji wala ya mabati, hizo mnazijua kuliko mimi. Nataka tumzungumzie yule mtu anayefika saiti jengo limeshafungwa linta, anaweka mikono nyuma, anazunguka mara moja, kisha anasema: "Hapa ongezeni chumba." Chumba hicho kikimaliza fedha za paa, au kikaleta balaa kubwa zaidi ya hilo, nani ajibu?

Utaniambia Rungwa si Dar es Salaam, hatuna minara ya kuinulia shingo. Ni kweli. Lakini tunao mradi mkubwa kuliko ghorofa yoyote ya Kariakoo. Barabara ya kutoka Mbeya, kupitia Chunya, Makongolosi, hapa Rungwa na Itigi hadi Mkiwa, imehesabiwa katika vitabu vya bajeti ya ujenzi kuwa na kilomita 528. Huku kwetu Singida, kipande cha Mkiwa, Itigi hadi Noranga, kilomita 56.9, kikapangiwa kazi ya lami. Kuna pia ile ya kutoka hapa kwenda Ipole kwa ndugu zetu wa Sikonge. Kila Mei, Waziri wa Ujenzi anaposimama Bungeni, sisi tunakaza sikio kusubiri jina la Rungwa litajwe, na maneno yanayolifuata tunayajua kwa moyo: upembuzi yakinifu na usanifu wa kina.

Hapo pa usanifu wa kina ndipo mambo yangu ya leo yanapoanzia.

Mchoro wa barabara huzeeka. Mhandisi anakuja mwaka huu, anahesabu magari, anapima mito, anachimba vishimo kuangalia udongo, anaandika kalvati ngapi na za ukubwa gani. Anaondoka. Fedha hazijapatikana. Inapita miaka mitano, minane. Kijiji kimesogea barabarani, soko limezaliwa mahali palipokuwa pori, malori ya mbao, tumbaku na ng'ombe yameongezeka, na mvua kama zile za El Niño za 2023 kuingia 2024 zimebeba makalvati nchi nzima. Siku mkandarasi anapokuja na mitambo yake, mchoro alionao mkononi unazungumzia nchi nyingine. Lazima ubadilishwe, na unabadilishwa greda likiwa limeshaanza kukwangua. Gharama inapanda, kazi inachelewa, na sisi tulio pembeni tunasema mkandarasi mwizi.

Pengine ni mwizi kweli, sitii mkono wangu motoni kwa ajili ya mkandarasi yeyote. Lakini mabadiliko ya namna hiyo hakuyazaa yeye. Yamezaliwa na mwenye mradi aliyeuacha mchoro kabatini. Mwenye mradi, ambaye wenye fani humwita mshitiri, katika barabara zetu kubwa ni Serikali kupitia TANROADS, na fedha ni zangu na zako. Kwa hiyo lawama ya mchoro uliochacha inaanzia kwenye kabati, haianzii kwenye greda.

Sasa twende Dar es Salaam, maana huko ndiko somo hili lilikoandikwa kwa damu.

Machi 29, 2013, Ijumaa Kuu asubuhi, jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji, liliporomoka lote likawa kifusi. Walikufa watu 36. Taarifa zilizotolewa siku zile zilisema kibali cha jengo lile kilikuwa cha ghorofa 10, na zilizokuwa zimepanda ni 16. Watu walikamatwa, wakafikishwa mahakamani, magazeti yakaandika wiki nzima.

Ninachotaka ukitafakari si kesi. Ni ghorofa ya 11. Ghorofa ya 11 haimwagwi usiku kwa siri kama gongo. Inahitaji malori ya kokoto, nondo zilizokatwa na kukunjwa, mbao za fomu, vibarua kadhaa wa kubeba zege tangu asubuhi hadi jioni, katikati ya jiji, mchana kweupe, barabara ikizibwa na watu wakipiga honi. Kisha ikaja ya 12. Ikaja ya 13. Kila moja ilikuwa badiliko la mchoro, na kila moja ilikuwa na mtu aliyesema "pandisheni" na watu waliopandisha. Nguzo ya chini kabisa haijui kwamba mipango imebadilika. Yenyewe ilipimwa kubeba kumi. Unene wake, nondo zake, na msingi ulioko chini yake, vyote vilipigiwa hesabu ya kumi. Ukishamwaga zege la msingi, hesabu imefungwa. Atakayetaka kumi na sita baada ya hapo lazima afukue au aache.

Nairobi nako wanaujua uchungu wa jengo kuanguka, waulize watu wa Huruma walioangukiwa na jengo la ghorofa sita Aprili 2016. Na Kariakoo tumerudia sisi wenyewe. Novemba 16, 2024, jengo la biashara lililokuwa limesimama kwa miaka lilianguka na watu wakiwa ndani, na mashuhuda walieleza kuwa chini yake kulikuwa kunachimbwa ili kupanua nafasi ya maduka. Ukichimba chini ya jengo lililokwisha kukaliwa, hilo ni badiliko la mchoro lililochelewa kuliko yote. Limechelewa kwa miaka.

Nitoke nje ya Afrika Mashariki kidogo, kwa sababu kuna kisa kimoja ambacho wahandisi dunia nzima wanafundishwa darasani, na kinaonyesha jambo ambalo la Indira Gandhi halilionyeshi. Kule kwetu tatizo lilikuwa kubwa, kila mpita njia angeweza kuhesabu ghorofa kwa kidole. Kisa hiki ni cha badiliko dogo mno.

Mji ni Kansas City, Marekani. Hoteli inaitwa Hyatt Regency. Julai 17, 1981, ukumbi wa chini umejaa watu wanacheza dansi, wengine wamesimama juu kwenye vivuko, yaani madaraja ya ndani yaliyokuwa yakining'inia kwenye vyuma kutoka darini, kimoja juu ya kingine. Vivuko vile viwili vikakatika vikaanguka juu ya wacheza dansi. Walikufa watu 114 na waliojeruhiwa walizidi 200.

Kilichotokea ni hiki. Mchoro wa kwanza ulitaka chuma kimoja kirefu kishuke kutoka darini, kipite kwenye kivuko cha juu, kiendelee mpaka cha chini. Watengenezaji wa vyuma wakaona kazi ya kukata hesi chuma chote kile ni ngumu, wakapendekeza vyuma viwili vifupi: kimoja kutoka darini kushikilia kivuko cha juu, na kingine kutoka kwenye kivuko cha juu kushikilia cha chini. Kwenye karatasi unaweza usione tofauti. Lakini chukua kamba iliyofungwa juu ya mwembe na watu wawili wakining'inia, kila mmoja ameishika kamba kwa mikono yake. Sasa mwambie wa chini aiachie kamba, amshike wa juu miguu. Kamba ile ile, watu wale wale, uzito ule ule. Muulize aliye juu anajisikiaje.

Badiliko lile likaongeza mara mbili mzigo kwenye maungio ya kivuko cha juu, na wachunguzi waligundua kuwa hata mchoro wa kwanza ulikuwa haufikii kiwango cha sheria. Na sasa sikiliza sehemu inayotuhusu. Baada ya maafa, watengenezaji wa vyuma walisema walipiga simu kwa wahandisi wakaomba ruhusa ya kubadilisha. Wahandisi wakasema hawaikumbuki simu hiyo. Ikawa neno dhidi ya neno. Lakini michoro ya vyuma vile ilikuwa na muhuri wa mhandisi, na muhuri ule ndio uliozungumza. Wahandisi wawili wenye dhamana walinyang'anywa leseni zao katika jimbo la Missouri. Hawakunyang'anywa kwa sababu wao ndio waliobuni badiliko. Walinyang'anywa kwa sababu lilipita mikononi mwao, wakaligongea muhuri bila kulipigia hesabu.

Mimi naiona hukumu ile kuwa ya haki. Najua wapo wahandisi wanaoiona kali. Wanauliza, mtu atapiga hesabu ya kila skrubu? Ndiyo, ya kila skrubu inayoning'iniza watu. Ndiyo maana analipwa kuliko fundi.

Hapa kwetu sheria haziko kimya, wala tusijifanye hatuna vyombo. Ipo Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ipo Bodi ya Usajili wa Makandarasi, zote mbili kwa sheria za 1997, na ipo ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi kwa sheria ya 2010. Ndiyo maana saiti iliyo halali ina bango na stika: mshitiri ni fulani, mhandisi mshauri fulani, mkandarasi fulani. Bango lile si pambo, ni orodha ya watu wa kuulizwa.

Na mikataba mikubwa ya barabara nayo imeliona jambo hili kitambo. Mingi inafuata kitabu cha shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, FIDIC. Katika toleo lake la 1999, kifungu cha 13 kinampa mhandisi msimamizi mamlaka ya kuagiza mabadiliko wakati wowote kabla kazi haijapokelewa rasmi. Umesikia? Wakati wowote. Kuchelewa kubadilisha si kosa kwa mkataba. Lakini kifungu hicho hicho kinamkataza mkandarasi kubadilisha chochote kwa kichwa chake. Na mkandarasi anayedai fedha au muda wa ziada ana siku 28 za kutoa taarifa, zikipita madai yake yamekufa. Maana yake, mkataba hauogopi mabadiliko. Unachokiogopa ni mabadiliko yasiyo na karatasi. Wahenga walilimaliza kabla ya FIDIC: mali bila daftari hupotea bila habari.

Ipo mikataba ya sanifu na jenga, ambapo mkandarasi mwenyewe ndiye anayechora, kama reli ya kisasa inayopita mkoani kwetu kutoka Makutupora kuelekea Tabora. Huko kosa la mchoro ni lake, hana wa kumsukumia. Lakini hata huko, mshitiri akiamka siku moja akataka stesheni isogee, hilo si kosa la mchoro. Hayo ni matakwa, na mwenye matakwa alipe.

Turudi sasa Rungwa, kwenye majengo yetu ya fosi akaunti, yaani yale yanayojengwa na kamati na mafundi wetu bila mkandarasi, maana huku ndiko jambo hili linakotuumiza bila kutangazwa redioni. Mwaka 2021, katika ule mkopo wa trilioni 1.3 wa kupambana na UVIKO, Serikali ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima, na kila darasa likapewa shilingi milioni 20. Milioni 20 hizo zilikuwa zile zile Kibaha, ambako saruji inatoka jirani, na zile zile kijiji cha mwisho cha barabara ya vumbi, ambako mfuko wa saruji umepanda lori, umekwama, umepakuliwa, umepakiwa tena. Kamati za shule zilijibana, mafundi wa kijiji wakafanya kazi, watoto wakakaa. Haikuwa kazi ndogo.

Lakini tuseme, kwa mfano tu, kamati ya zahanati fulani imefika kwenye linta. Anafika mkubwa ziarani na msafara wake. Anatazama mlango wa chumba cha kujifungulia, anasema mwembamba, machela haitapita, ubomolewe upanuliwe, na hapa mbele pawekwe baraza. Watu wanapiga makofi. Amesema kweli, machela haitapita! Aliyechora mlango ule alistahili kuulizwa. Mkubwa anapanda gari, vumbi linatulia, kamati inabaki na mlango wa kubomoa, baraza la kujenga, na fedha ile ile. Hakuna barua. Hakuna nyongeza. Mtendaji anasema ni agizo. Fundi anasema yeye ni mtu wa kuambiwa.

Baraza litajengwa, maana agizo ni agizo. Litajengwa kwa fedha ipi? Hapo ndipo zege linapoanza kunywa maji mengi kuliko saruji. Nondo ya milimita 12 inakuwa ya 10. Mchanga haupepetwi. Jengo linalipia badiliko ambalo aliyeliagiza hakulilipia, na linalipia mahali ambapo huwezi kuona kwa macho kwa sababu pameshapigwa lipu na rangi. Baada ya miaka mitatu ukuta ukipasuka, mkaguzi atakuja, atamuuliza fundi. Fundi atamtazama mwenyekiti wa kamati. Mwenyekiti ataeleza habari ya ziara. Na ziara haina saini.

Nasema hili bila kumsingizia mtu wala halmashauri yoyote. Utaratibu wenyewe ndio unaoulea uzembe huu. Tumejizoesha kudhani kwamba kauli ya mkubwa ikitoka hadharani imeshakuwa mkataba. Haijawa. Kiongozi kuona kasoro na kuisema ni wajibu wake, tena tumshukuru. Lakini kasoro ile irudi kwa mhandisi wa halmashauri, aipigie hesabu, aandike itagharimu kiasi gani na siku ngapi, kisha aliye na mamlaka ya fedha aweke saini yake chini. Kama fedha hakuna, kazi iendelee kwa mchoro wa zamani, na mlango mwembamba ubaki na jina la aliyeuchora.

Wala si viongozi wa kwetu pekee. Australia walijenga jumba la opera la Sydney. Msanifu Jørn Utzon wa Denmark alishinda shindano la mchoro mwaka 1957, makadirio ya awali yakiwa sawa na dola milioni 7 za huko. Kazi ikaanza kabla michoro haijakamilika, kwa sababu wanasiasa walitaka kuonekana wameanza. Katikati ya safari ukumbi mkubwa uliokusudiwa opera na muziki wa okestra pamoja ukageuzwa kuwa wa okestra peke yake, na mitambo ya jukwaa iliyokwisha kufungwa ikang'olewa. Utzon aligombana na Serikali akajiuzulu 1966, wala hakurudi kuliona jumba lake. Lilifunguliwa 1973 kwa dola milioni 102. Leo ni fahari ya nchi, na watu huuliza, si limependeza? Limependeza. Lakini wao walikuwa na bahati nasibu ya jimbo ya kulilipia. Zahanati haina bahati nasibu.

Nisieleweke vibaya. Sisemi mchoro ukishapigwa muhuri usiguswe. Fundi akichimba msingi akakuta udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi, asijenge kwa sababu mchoro umesema jenga. Asimamishe. Aite mhandisi. Badiliko hilo lililochelewa ni la heshima, na anayelipinga kwa kuogopa gharama ndiye wa kulaumiwa. Bado swali lipo: kwa nini vishimo vya majaribio havikuchimbwa mapema? Kuna mtu alilipwa avichimbe.

Kwa hiyo mimi nina kipimo changu. Badiliko likitokana na ardhi au mvua, mwenye mradi abebe gharama bila kununa, ila kama mchoraji alipaswa kujua na hakutazama, abebe naye. Badiliko likitokana na matakwa, liwe la mfadhili, la mwenye nyumba au la mgeni rasmi, mwenye matakwa alipe kabla nyundo haijainuliwa. Na mhandisi aliyeona badiliko la hatari akanyamaza kwa kuogopa kibarua, yeye simtofautishi na aliyeagiza. Amepewa muhuri ili aseme hapana.

Msikilizaji, muda wangu unakwisha. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila miezi mitatu. Kama kijijini kwako kuna darasa, zahanati au nyumba ya mwalimu inayojengwa, siku hiyo nenda. Omba mtendaji asome mbele ya wote: mchoro wa kwanza ulisema nini, kimebadilika nini, nani ameagiza kwa barua ya tarehe gani, na fedha imeongezwa kutoka wapi. Akisema barua haipo, omba hilo liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, na kazi ya nyongeza isimame mpaka ipatikane.